Konsepti albamu ni nini hasa? Tukae tuisikilize Olias of Sunhillow toka mwanzo mpaka mwisho

Siku hizi msanii akitoa albamu tu hazipiti siku mbili utasikia watu wanabishana, huyu anasema hii ni konsepti albamu, yule anamjibu konsepti gani wakati ni nyimbo kumi za mapenzi na mbili za kumshukuru Mungu, na ukiwasikiliza vizuri unagundua kila mtu ana maana yake kichwani. Kuna wanaodhani konsepti albamu ni albamu yenye kava kali. Kuna wanaodhani ni muziki mgumu wa wasomi. Na kuna wale ambao wakisikia "solo" na "konsepti" wanaona ni kitu kimoja. Mimi muziki wa namna hii naupenda sana, na naumia nikiona mtu anaukimbia kwa sababu tu hakuna aliyekaa naye akamweleza taratibu. Kwa hiyo leo tuchukue albamu moja tu, ya zamani, tuifungue kama mtu anavyofungua redio kuonyesha ndani kuna nini.

Albamu yenyewe ni Olias of Sunhillow, ilitoka mwaka 1976, na mwenye kazi ni Jon Anderson, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza inaitwa Yes.

Tuanze na maneno maana hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Albamu ya solo ni pale mtu wa bendi anapotoka kidogo akafanya kazi kwa jina lake mwenyewe, basi, haisemi chochote kuhusu ndani kuna nini. Mfano wa karibu yetu ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, 1946. Akiwa na bendi yake ya Queen walitoa albamu ya Queen II mwaka 1974 ambayo pande zake mbili za santuri hazikuitwa A na B, ziliitwa upande mweupe na upande mweusi, kila upande na hali yake, hapo harufu ya konsepti unaisikia kabisa. Lakini alipotoa solo yake ya kwanza, Mr. Bad Guy, mwaka 1985, ile ni mkusanyiko wa nyimbo tu, kila moja inasimama kivyake. Umeona? Solo bila konsepti, na konsepti bila solo.

Sasa konsepti albamu. Ni albamu ambayo nyimbo zake zote zimefungwa na wazo moja au hadithi moja, na mpangilio wake ni sehemu ya kazi yenyewe, yaani ukiupangua umeharibu. Kaa ufikirie tofauti ya diwani na utenzi. Diwani unafungua ukurasa wowote, unasoma shairi moja, unafunga, umeshiba. Utenzi huwezi, ukianzia ubeti wa mia mbili hujui nani kamkosea nani na kwa nini farasi wanatandikwa. Na utenzi una kile kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka unafika mwisho, sikio lako linakisubiri hata kabla hakijafika. Konsepti albamu nzuri inafanya hivyohivyo kwa sauti, kuna mlio fulani, ala fulani, namna fulani ya kuimba ambayo inarudi na kurudi na inakukumbusha kwamba bado uko ndani ya safari ileile. Sasa unaona kwa nini nyimbo kumi za mapenzi hazitoshi. Mapenzi ni mada, na mada peke yake haifungi kitu. Kama zile nyimbo kumi zingekuwa za watu wawili walewale, wa kwanza wanakutana, wa tano wanagombana, wa kumi mmoja yuko stendi na begi lake, hapo sawa, tungeongea lugha moja.

Neno la tatu ni roki ya progresivu, wenyewe wanafupisha wanasema prog. Mwishoni mwa miaka ya 60 kule Uingereza vijana wa roki walianza kuona nyimbo za dakika tatu zinawabana, wakaanza kuchota kwenye muziki wa klasiki, jazi, nyimbo za asili, wakaachia wimbo uwe mrefu na ubadilike njiani. Yes, iliyoanzishwa London mwaka 1968, walifika mahali mwaka 1972 wakatoa albamu ya Close to the Edge yenye nyimbo tatu tu, na wa kwanza unajaza upande mzima wa sahani ya santuri, kama dakika kumi na nane hivi. Watu wanashtuka wakisikia hivyo, lakini jamani, sisi wimbo mrefu unatushtua nini? Nyimbo za Franco za miaka ya 80 zinapita dakika kumi na tunazimaliza, pwani watu wamekesha na Umm Kulthum ambaye wimbo mmoja unaweza kula saa nzima. Masikio tunayo.

Haya, tuje kwa mwenyewe.

Jon Anderson alizaliwa Accrington, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1944. Ndani ya Yes alizungukwa na watu wanaopiga vyombo kwa kiwango cha kutisha, Steve Howe kwenye gitaa, Chris Squire kwenye besi, na yeye kazi yake kubwa ilikuwa sauti na mawazo. Mwaka 1975 bendi ikapumzika baada ya ziara na wakakubaliana kila mmoja akafanye albamu yake. Wote watano wakafanya. Wengine wakaita marafiki, wanamuziki wa kukodi, hata okestra. Anderson akafanya kinyume kabisa, akajifungia kwenye gereji ya nyumbani kwake huko Buckinghamshire, akiwa na fundi mmoja wa sauti, akapiga kila kitu mwenyewe. Kinubi, gitaa, sitar, saz ya Kituruki, filimbi, sinthesaiza (kinanda cha umeme cha kutengenezea sauti), ngoma na kengele za kila aina, na sauti zote unazozisikia, hata pale inaposikika kwaya ya watu thelathini, ni yeye yule mmoja.

Hapa watu huuliza inawezekanaje mtu mmoja awe kwaya. Ni kurekodi kwa tabaka. Unarekodi sauti ya kwanza, unairudisha mwanzo, unaimba ya pili juu yake huku unaisikiliza ya kwanza, kisha ya tatu, unaendelea. Ni kama kusuka mkeka, ukindu mmoja hauwezi kukaliwa na mtu lakini ukipitisha mmoja juu mmoja chini kwa subira unapata kitu kinachobeba familia nzima. Leo kijana mwenye laptopu anafanya hivyo chumbani kwake. 1976 ilikuwa tepu, na kila tabaka lilikuwa kazi.

Na hadithi? Hadithi ilichapwa kwenye jalada la sahani, kwa michoro mizuri ya David Fairbrother-Roe, na inakwenda hivi. Kuna dunia inaitwa Sunhillow, ina makabila manne na kila kabila lina muziki wake. Volkano zinaanza kuisambaratisha, watu lazima wahame. Olias ndiye fundi, anajenga chombo cha kuwabeba kinachoitwa Moorglade. Ranyart ndiye nahodha anayejua njia. Qoquaq ndiye kiongozi anayezunguka kuwaunganisha makabila yakubali kupanda chombo kimoja. Wanaondoka, nyuma yao dunia yao inapasuka, njiani wanaingiwa na hofu, mwisho wanafika nchi mpya.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapo. Fundi, nahodha, na mkubwa wa kuwaweka watu pamoja. Jahazi halijawahi kwenda popote bila hao watatu.

Kinachonigusa mimi kwenye albamu hii, na naona hakisemwi vya kutosha, ni kwamba ni hadithi ya watu wengi wanaojifunza kuwa kitu kimoja, na imefanywa na mtu mmoja aliyejigawa kuwa wengi. Makabila manne yote yanatoka kooni mwa mtu mmoja. Ukilijua hilo kabla ya kusikiliza, ile kwaya inakuwa na maana nyingine kabisa.

Sasa tusikilize. Jumla ni kama dakika 44, nyimbo nane, tano upande wa kwanza na tatu upande wa pili.

Inaanza na Ocean Song, na mtu mwenye haraka hapa ndipo anapoachia ngazi, maana ni mawimbi ya sinthesaiza yanakuja na kwenda, hakuna biti, hakuna mtu anayekuambia kitu. Lakini fikiria bibi anavyoanza ngano. Haanzi na sungura. Anasema paukwa, mnajibu pakawa, na lile neno halina habari yoyote ndani yake, kazi yake ni kukutoa kwenye vyombo vichafu na homuweki kukuingiza kule. Ocean Song ni paukwa. Mpe dakika zake tatu.

Wimbo wa pili sauti ya Anderson inaingia, nyembamba, ya juu, na mkutano wa kwanza unafanyika. Wa tatu ndio napenda kuwaanzishia watu wanaoogopa, kinubi kinacheza taratibu kwa ajili ya Ranyart, halafu bila kusimama unaingia ujenzi wa chombo, sauti zinapangwa moja juu ya nyingine kama mbao, wimbo wenyewe unajengwa huku wewe unasikia. Hapo utaelewa mara moja maana ya konsepti. Hakuimba tu "tunajenga chombo", alikijenga masikioni mwako.

Wa nne ni wa Qoquaq, ndio mrefu kwa upande huu, unapita dakika saba. Unaanza kimya, halafu katikati zinapasuka ngoma na watu wanaitikia kwa maneno ambayo si ya Kiingereza wala lugha yoyote ile, ameyatunga. Ni mwito wa makabila. Ukiusikiliza na mtu aliyekulia karibu na ngoma atatikisa kichwa kabla hujamweleza chochote. Wa tano ni safari yenyewe, chombo kinang'oa nanga, wimbo mwepesi wenye furaha, na hapo upande wa kwanza unaisha.

Ngoja nisimame hapa kidogo. Enzi za sahani ya santuri, hapo ilibidi uinuke, uende, uigeuze. Yaani chombo kimeondoka, dunia ya zamani iko upande ule mwingine, na wewe kwa mkono wako ndiye uliyegeuza. Kwenye simu hilo limepotea. Ndiyo maana mtu akiniuliza asikilizeje namwambia baada ya wimbo wa tano simamisha, nenda kachukue maji, rudi. Inasaidia kweli.

Upande wa pili uko tofauti. Solid Space ni mzito, taratibu, ni ule upweke wa kuwa njiani na huoni nchi mbele wala nyuma. Halafu unakuja wimbo wa dakika karibu kumi na tatu uliogawanyika sehemu tatu, na hapa ndipo moyo wa albamu ulipo kwa maoni yangu. Moon Ra ni hofu ya wasafiri, sauti na vigongo vinakimbizana, vinapandiana, kama watu wamejaa kwenye meli imezimika taa. Kisha zinaingia kodi nzito (chords, noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja), moja moja, kubwa, kama mkubwa kaingia chumbani akasema tulieni. Halafu sehemu ya mwisho inashuka polepole mpaka unasikia pumzi. Hakuna aliyesema "msiogope". Muziki ndio umewatuliza, na wewe pia umetulia pamoja nao. Wimbo wa mwisho, To the Runner, ni kuwasili, tulivu.

Sasa tuongelee mambo yanayowachanganya watu.

La kwanza, "Kiingereza changu kidogo, sitaelewa". Ndugu yangu, hata Waingereza wenyewe hawayaelewi maneno ya Jon Anderson. Anachagua neno kwa mlio wake sawa na anavyolichagua kwa maana yake, na mengine ni ya kubuni. Na sisi kwa hili tuna faida kubwa ambayo hatuijui. Tanzania, Kenya, Burundi, kote huku watu wamecheza nyimbo za Kilingala miaka na miaka bila kujua Kilingala, na bado mtu anajua kabisa hapa anaomboleza, hapa anambembeleza, hapa sebene linakuja jiandae. Hicho kipaji cha kusoma wimbo kwa sauti yake, maneno yakakaa pembeni, ndicho hasa albamu hii inachokitaka. Nina rafiki yangu ambaye hasomi kabisa Kiingereza, nilimwekea ule wimbo wa tatu bila kumwambia chochote, akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Kaka, hawa wanajenga nini?" Sikuamini masikio yangu.

La pili, "mbona wimbo unakatika katikati?" Haujakatika. Nyimbo zimeungana, moja inamwagikia kwenye nyingine, na kama simu yako imewekwa ichanganye nyimbo basi unarushwa toka katikati ya bahari mpaka kwenye ujenzi wa chombo. Hilo silo kosa la albamu. Tatizo hili limewakera wasanii wakubwa mpaka mwezi Novemba 2021 mwimbaji Adele aliwaomba Spotify, wale wa programu ya kusikilizia muziki, wakakubali kuondoa kitufe cha kuchanganya kisiwe ndicho cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu. Na Adele sio mtu wa prog. Kwa hiyo zima ule mchanganyo kwanza, ndipo uanze.

La tatu ni la mashabiki wenyewe, kwamba eti Vangelis, yule fundi wa sinthesaiza kutoka Ugiriki, ndiye aliyepiga kwa siri. Watu hawakuamini mwimbaji anaweza kutengeneza sauti kama zile. Ni kweli walikuwa marafiki, na baadaye walifanya kazi pamoja, albamu yao ya kwanza kama Jon and Vangelis ilitoka 1980, lakini hii ya Olias ni ya Anderson na amelisema hilo. Mimi naona uvumi huu unamdhulumu. Mtu ambaye hakuwa fundi wa vyombo alikaa akajifunza kimoja kimoja mpaka akapata alichokisikia kichwani, halafu sifa apewe mwingine?

Na kuna la nne ambalo nalisikia sana huku kwetu, majina ya ajabu, Moon Ra, Qoquaq, michoro ya vyombo vinavyopaa, basi mtu anasema hayo ni mambo ya Freemason. Hapana. Anderson ni mtu wa kusoma vitabu vya kiroho, hilo halifichi, albamu ya Yes ya mwaka 1973 ilitokana na maelezo mafupi chini ya ukurasa kwenye kitabu cha Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India. Na picha ya kwanza ya safari hii imetokana na kava la Fragile, albamu ya Yes ya mwaka 1971, ambayo Roger Dean alichora kidunia kidogo kinachopasuka na chombo cha mbao kikielea angani. Ni hivyo tu. Mtu aliangalia mchoro akajiuliza wale wanaopaa wanakwenda wapi, na jibu lake likawa dakika 44. Majina ameyatunga kama watunzi wa hadithi wote wanavyotunga majina.

Wengine wanauliza kama iliuza, maana kuna dhana kwamba kazi za hivi ni za kuwekwa kabatini. Ilifika namba 8 kwenye chati ya albamu Uingereza na namba 47 Marekani, bila hata wimbo mmoja wa kuchezwa disko. Watu walikuwa na muda wa kukaa.

Na muda ndio gharama pekee hapa. Huhitaji spika za bei mbaya, ingawa iefoni za masikioni zinasaidia sana kwa sababu zile sauti amezigawa kushoto na kulia na kwenye spika ya simu zinakuwa uji. Huhitaji kujua historia ya Yes. Chagua saa ambayo hakuna atakayekuita, usiku ni bora, umeme ukikatika ni bora zaidi kama simu ina chaji, weka upande wa kwanza, pumzika, weka wa pili. Mara ya kwanza usifuatilie hadithi, acha ipite. Mara ya pili msikilize yule mtu mmoja anavyokuwa kundi, jaribu kuhesabu sauti ngapi zipo kwenye ule mwito wa Qoquaq, utafika nne tano utapotea. Mara ya tatu ndio uichukue hadithi uende nayo. Mimi nilikuwa nimeshaisikiliza mara nyingi sana kabla sijagundua kwamba zile kengele ndogo za upande wa kwanza, wakati wanajenga, ndizo zilizonifanya niuone ukimya wa Solid Space kuwa mkubwa hivyo, kwa sababu sikio lilikuwa linazitafuta na hazikuwepo.